Olunga alishuka daraja ndipo akapaa: Somo kwa mafowadi wa Merigi

JUMAPILI alasiri, ibada ikishaisha na ng'ombe wakishanyweshwa, vijana wa Merigi huelekea uwanjani. Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi kilichoinama upande mmoja kama paa la nyumba. Milingoti ya goli ni mikaratusi iliyokatwa juzi juzi, bado ina magamba. Timu inayoshambulia kuelekea bondeni huwa na raha maana boli inajikimbiza yenyewe. Ila ukipaisha shuti, utaingia kulitafuta katikati ya majani chai ya watu, na mwenye shamba akikupata huko, utajieleza.

Hii ni wadi ya Merigi, Bomet Mashariki. Katika nchi hii ya chai, kutoka hapa hadi Kericho, kijana mwenye miguu mirefu huambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni mkimbiaji. Si ajabu. Mkenya wa kwanza kabisa kushinda medali ya Olimpiki, Wilson Kiprugut Chumo, alikuwa mtu wa Kericho. Alitwaa shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964, kisha akarudi na fedha kutoka Mexico mwaka 1968. Tangu siku hizo, huku kwetu mbio ni kama urithi, na kabumbu ni mchezo wa kupitisha wakati ukingojea mbio.

Lakini nilipoketi kando ya uwanja huo hivi majuzi, nilihesabu jezi tatu zilizoandikwa nambari 14 mgongoni kwa kalamu ya wino mzito. Moja ilikuwa fulana ya kampeni ya mwanasiasa iliyogeuzwa nje ndani. Nambari 14 ndiyo anayovaa Michael Olunga akiichezea Harambee Stars. Hivyo kwa dakika 90 hizo, Merigi ilikuwa na Olunga watatu, na wawili kati yao walikuwa timu moja wakigombania nani apige penalti.

Kocha wao aliwaacha wabishane kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Nani kati yenu ameleta ripoti fomu?"

Mmoja aliinua mkono. Huyo ndiye aliyepiga penalti.

Bonasi ya mama

Kocha huyu, ambaye ameomba nisimtaje jina, ana sababu zake za kuuliza kuhusu ripoti fomu. Mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka 19, yuko Kidato cha Nne, na hapakuwa na beki katika shule za karibu aliyelala vizuri akijua kesho atakutana naye. Alikuwa fowadi wa kweli: mwepesi, mwenye kiburi kidogo, na mguu uliojua kona ya goli iko wapi hata akiwa amefumba macho.

Akapigiwa simu na mtu aliyejiita wakala. Mtu huyo alisema ameona video yake na kwamba kuna klabu Ulaya inatafuta mshambuliaji. Kilichohitajika ni pesa za pasipoti, viza na "kufungua faili". Jumla, Sh60,000. Na haraka, kwa sababu nafasi ni chache.

Ilikuwa Oktoba, mwezi wa bonasi. Msomaji asiyetoka nchi ya chai huenda asielewe uzito wa neno hilo. Mkulima mdogo hupeleka majani yake kituoni mwaka mzima na kulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo. Kile kinachosalia huja kwa mkupuo baada ya mwaka wa kiwanda kufungwa, na hiyo ndiyo bonasi. Ndiyo karo ya Januari, ndiyo mabati ya jikoni, ndiyo deni la dukani.

"Mama aliniuliza swali moja tu," Kocha ananiambia. "Alisema, 'Mwanangu, hiyo mpira itakulisha?' Mimi nikamwambia, 'Mama, itakulisha hata wewe.' Akanipatia."

Bonasi haikutosha, kwa hivyo wakauza mtamba mmoja. Kocha akapanda matatu ya kwenda Nairobi kupitia Narok, mtihani wa KCSE ukiwa umebakisha siku za kuhesabika. Huko alikuta vijana wengine katika chumba cha kukodi, kila mmoja na kaunti yake na viatu vyake vya boli mfukoni. Walilala watatu kwa kitanda. Walingoja wiki mbili. Siku waliyoambiwa wangeenda uwanja wa ndege, simu ya wakala ilisema yale maneno ambayo Mkenya yeyote anayajua kwa sauti yake: mteja hapatikani kwa sasa.

Alirudi Merigi usiku ili asionekane. Karatasi za kwanza za mtihani zilikuwa zimeshapita.

"Unajua kitu gani kilinichoma?" anasema. "Novemba hiyohiyo, niko nyumbani nachuma chai na mama, sisemi na mtu, nikaona kwa simu ya jirani kwamba Olunga amefunga mabao manane kwa mechi moja. Manane! Nikasema huyu ana bahati, mimi sina. Ilinichukua muda mrefu kusoma hadithi yake vizuri nijue haikuwa hivyo."

Tuisome pamoja naye, basi, maana ina mambo ambayo picha za mitandaoni hazionyeshi.

Fowadi aliyebeba vitabu

Olunga alizaliwa Nairobi tarehe 26 Machi 1994. Alisoma Shule ya Upper Hill na kukuzwa kisoka katika akademia ya Liberty. Ligi Kuu ya Kenya aliingilia Tusker, klabu kubwa yenye mafowadi wakubwa, na kwa kijana mchanga hapo benchi huwa refu. Mwaka 2014 alipelekwa kwa mkopo Thika United.

Mkopo. Kijana wa leo akisikia neno hilo hudhani ni tusi. Mwenzako amebaki klabu kubwa, wewe unapelekwa kwa timu ndogo kama jembe la kuazimwa. Lakini mkopo ndio uliompa Olunga kitu ambacho benchi haliwezi kumpa fowadi, yaani dakika za kucheza. Fowadi hajifunzi kufunga kwa kutazama. Ni lazima akose mbele ya watu, azomewe, kisha arudi tena wiki ijayo.

Mwaka 2015 akatua Gor Mahia. Msimu huo Gor walitwaa ligi bila kupoteza hata mechi moja, na yeye alifunga mabao 19 ya ligi. Hakuwa hata mfungaji bora. Tuzo hiyo ilikwenda kwa Jesse Were wa Tusker. Ila kila beki nchini alikuwa amemjua yule jamaa mrefu wa mguu wa kushoto.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba katika msimu huo wote alikuwa mwanafunzi. Alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, taaluma ya kupima ardhi na kuchora ramani kwa kutumia takwimu za setilaiti. Asubuhi mazoezi, mchana darasani. Ndiyo sababu mashabiki walimbatiza jina Injinia, na halikuwa jina la utani tupu kwa maana shahada hiyo aliipata.

Fikiria hilo ukiwa Merigi. Kuna wazazi wanaoficha viatu vya boli ili mtoto asome, na kuna watoto wanaoficha vitabu ili wacheze. Pande zote mbili zinaamini kwamba kimoja lazima kife ili kingine kiishi. Fowadi bora wa Kenya wa kizazi hiki alikataa kuua chochote.

Ngazi, si lifti

Mapema 2016, akiwa na miaka 21, Olunga alijiunga na Djurgården ya Sweden. Si Uingereza, si Uhispania. Wenye midomo walisema amekwenda kujificha kwenye theluji. Akafunga mabao 12 ya ligi katika msimu wake wa kwanza Ulaya.

Mwaka uliofuata akanunuliwa na Guizhou ya China, wakati ambapo ligi ya huko ilikuwa ikimwaga pesa kama mvua ya Aprili. Hapo ndipo mambo yalipoenda mrama. Kabla ya msimu kuanza, China ilibadilisha kanuni na kupunguza wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa katika mechi moja hadi watatu. Wageni waliozidi wakawa watazamaji wenye mishahara. Olunga hakudumu. Agosti 2017 alipelekwa, tena kwa mkopo, hadi Girona ya Uhispania, klabu iliyokuwa inaingia ligi kuu ya La Liga kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Hapo akacheza La Liga. Tarehe 13 Januari 2018, Girona waliichapa Las Palmas 6-0, na mabao matatu kati ya hayo yalikuwa ya Olunga. Ilikuwa hat-triki ya kwanza ya Girona katika ligi hiyo. Kenya nzima ililipuka. Siku hiyo hata wazee waliokuwa wakingoja lori la chai kituoni walijua kuna kijana wa Kenya amefanya jambo Uhispania.

Sasa, kama hii ingekuwa filamu, hapo ndipo ingeishia. Fowadi amefika La Liga, muziki unapigwa, watu wanaenda nyumbani. Lakini hat-triki moja haikumpa makao. Muda wa mkopo uliisha, Girona haikuwa kwake tena, na Agosti 2018 alihamia Kashiwa Reysol, klabu ya mji wa Kashiwa karibu na Tokyo.

Miezi michache baadaye, Kashiwa ikashushwa daraja.

Kichaka kilichokatwa

Hebu simama hapo kidogo. Mwezi Januari mtu huyu alikuwa akishangiliwa katika ligi moja na Barcelona na Real Madrid. Kufikia Desemba ni mchezaji wa daraja la pili la Japan. Ukiwa shabiki wa vijiweni, ungesema nini? Najua ungesema nini, kwa sababu wengi walisema: Olunga amekwisha.

Mtu wa nchi ya chai hana ruhusa ya kusema hivyo. Sisi tunajua kichaka cha chai hukatwa. Kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, mkulima huingia na panga na kukikata hadi kubaki vijiti vitupu. Kwa miezi kadhaa hakuna kitu cha kuchuma. Mgeni akipita atadhani shamba limeungua. Lakini kichaka kisipokatwa hupanda juu, majani yanakuwa magumu, na wachumaji hawakifikii. Kikikatwa, huchipua upya, mengi na laini.

Msimu wa 2019, katika daraja hilo la pili, Olunga alicheza mechi 30 za ligi na kufunga mabao 27. Chini ya kocha Mbrazili Nelsinho Baptista, Kashiwa walitwaa ubingwa wa daraja na kurejea ligi kuu. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 24 Novemba 2019, waliialika Kyoto Sanga. Matokeo yalikuwa 13-1. Mabao manane yalikuwa ya Olunga, na hakuna mchezaji aliyewahi kufunga mengi hivyo katika mechi moja ya ligi za kulipwa za Japan.

Hayo ndiyo mabao manane ambayo Kocha aliyaona kwenye simu ya jirani akadhani ni bahati.

Basi watu wakasema tena, kwa maana watu hawachoki: hilo ni daraja la pili, ngoja arudi ligi kuu. Akarudi. Mwaka 2020, mwaka ule wa korona ambapo viwanja vilikuwa nusu tupu na ratiba imevurugika, alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japan. Aliyemfuata alikuwa na 18. Alitwaa kiatu cha dhahabu, kisha akatajwa mchezaji bora wa msimu, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo hiyo katika ligi hiyo. Kumbuka Kashiwa haikuwa hata miongoni mwa timu tatu za kwanza. Ilimaliza nafasi ya saba. Ni vigumu sana kumpa mtu tuzo kama hiyo kutoka timu ya nafasi ya saba. Mabao yalilazimisha.

Januari 2021 akaondoka kwenda Al-Duhail ya Qatar, na tangu hapo nchi hiyo imekuwa makao yake ya soka. Msimu wa 2021/22 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya huko kwa mabao 24.

Kwa hiyo ukichora njia yake kwenye karatasi, kama vile injinia angechora, huoni mstari unaopanda moja kwa moja. Unaona klabu kubwa, mkopo, klabu kubwa, baridi, pesa nyingi bila dakika, mkopo tena, kilele, kushushwa daraja, kisha kilele kirefu kuliko cha kwanza. Kila mahali aliposhuka, alikwenda kule ambako angecheza.

Mambo ambayo fowadi hayawezi peke yake

Tusimfanye malaika pia. Kipaji na bidii vina mipaka, na mipaka mingine huwekwa na watu wenye suti.

Juni 2019, Kenya ilirejea Kombe la Afrika baada ya kukosekana tangu 2004. Jijini Cairo tarehe 27 mwezi huo, Stars walikuwa nyuma mara mbili dhidi ya majirani zetu Tanzania, kwanza kwa bao la Simon Msuva, kisha la Mbwana Samatta. Olunga alisawazisha mara ya kwanza kwa shuti la kupindua mwili hewani, na baada ya Johanna Omolo kusawazisha tena, yeye ndiye aliyefunga la ushindi zikiwa zimesalia kama dakika 10. Mwisho ikawa 3-2. Wengi wetu tulidhani huo ni mwanzo wa kitu.

Februari 2022, FIFA iliifungia Kenya kutokana na mvutano wa serikali na shirikisho la soka. Mechi za kufuzu Kombe la Afrika la 2023 zikaendelea bila sisi. Marufuku iliondolewa Novemba mwaka huo, lakini basi lilikuwa limeshaondoka. Fowadi aliyekuwa akiongoza kwa mabao Qatar, katika umri wake mzuri kabisa, alitazama kombe hilo kama wewe na mimi, kwenye televisheni. Miaka ya fowadi ni michache, na hakuna kamati inayoweza kumrudishia mmoja.

Huku kwetu tunalijua jeraha kama hilo kwa karibu zaidi. Mwaka 2017, Zoo ya Kericho ilipanda hadi Ligi Kuu. Kwa mara ya kwanza kijana wa Merigi angeweza kupanda matatu asubuhi, akatazama Gor Mahia au AFC Leopards katika uwanja wa Kericho Green, na jioni akawa nyumbani kukamua ng'ombe. Kutoka timu hiyo alitokea Nicholas Kipkirui, fowadi aliyesajiliwa na Gor. Tarehe 3 Februari 2019, Gor walipoilaza Zamalek ya Misri 4-2 jijini Nairobi, Kipkirui alifunga, Jacques Tuyisenge akafunga mawili, na Dennis Oliech, aliyewahi kutamba Nantes na Auxerre nchini Ufaransa, akafunga pia. Jina la Kipkirui na la Oliech kwenye orodha moja ya wafungaji! Kwa vijana wa huku, hiyo ilikuwa kama barua iliyoandikwa kwa anwani yao.

Mwaka 2021, Zoo iliondolewa Ligi Kuu kwa uamuzi wa FIFA katika kesi ya upangaji wa matokeo. Sisemi kila aliyevaa jezi ile alikosea. Wengi walikuwa vijana wanaotafuta riziki. Lakini mlango uliokuwa karibu na nyumbani ulifungwa, na waliofungiwa nje ni wale ambao hawakuwa wamezaliwa kisoka bado. Mtu akikuletea bahasha ili ukose bao moja tu, kumbuka hilo. Haununui mechi yako peke yako. Unauza matatu ya asubuhi ya mtoto wa Merigi.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Nilimuuliza Kocha angemwambia nini yule kijana wa 2019 kama angeweza kumpigia simu. Hakufikiria sana. Alikuwa na majibu tayari kwa sababu huyarudia kila Jumapili.

Kwanza, umri. Kanuni za FIFA hukataza kwa jumla mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache maalum, kwa mfano wazazi wake wanapohamia huko kwa sababu zisizohusu soka. Kwa hiyo ukiwa Kidato cha Pili na mtu anakuambia klabu ya Ulaya inataka kukusaini mwezi ujao, huyo anakudanganya au anakupeleka mahali pabaya.

Pili, leseni. Wakala halali anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na tangu 2023 leseni hiyo hupatikana kwa kufaulu mtihani. Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti ya FIFA. Huhitaji kumjua mtu. Unahitaji bando kidogo na dakika tano. Kama hayupo humo, mwambie asante na ukate simu.

Tatu, pesa. Wakala wa kweli hula kutoka kwenye mkataba baada ya mkataba kupatikana. Anayeanza kula kutoka kwenye bonasi ya mama, hana mkataba.

Nne, ngazi. Timu ya wadi, ligi ya kaunti, michezo ya shule, mashindano kama Chapa Dimba kwa vijana, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Supa Ligi. Hakuna aliye juu sana kupita ngazi hizo. Olunga alikuwa na mabao 19 ya Ligi Kuu ya Kenya mkononi kabla ya kupanda ndege kwenda kuanza maisha ya soka Ulaya.

"Na ya tano?" nikamuuliza.

"Ya tano ni ripoti fomu," akacheka.

Ukweli wa hesabu ni kwamba vijana wengi wanaocheza kwenye uwanja ule ulioinama hawatalipwa kucheza soka maishani mwao. Kocha analijua hilo na halifichi. Ndiyo maana hawaambii waache boli. Anawaambia wabebe vitu viwili, kama yule Injinia, ili siku kimoja kikianguka, mkono mwingine usiwe mtupu. Yeye mwenyewe alirudia KCSE baada ya miaka miwili kama mtahiniwa wa kibinafsi, katikati ya kuchuma chai. Sasa yuko chuo cha kiufundi akisomea umeme, na Jumapili ni mwalimu wa mafowadi.

Mama yake alikuja uwanjani jioni hiyo, kikapu mgongoni, akipita kuelekea nyumbani. Nikamsalimia, "Chamgei, mama." Akaitikia, akasimama kidogo kutazama. Nilitaka kumuuliza kuhusu ile Sh60,000 lakini sikuthubutu. Badala yake nikamuuliza kama anaupenda mpira siku hizi.

"Siuelewi," akasema. "Lakini wakati huu ametoka nao bila kuniomba kitu."

Wachumaji hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi moja. Ukichuma chipukizi kabla halijakomaa, umepoteza kilo za kesho. Kule uwanjani, yule kijana wa ripoti fomu alikuwa anapiga penalti. Alipaisha. Mpira ukaingia katikati ya chai, akatoka mbio kuufuata kabla mwenye shamba hajafika. Aliporudi, Kocha aliuweka tena palepale.

"Piga nyingine," akamwambia.